Uso wa Morris

Cowley, Oxford
Jumatatu, 10 Oktoba 1966

Mdogo wangu Cliff,

Ukiona mwandiko wangu na Krismasi bado haijafika utajua kuna jambo, basi nisikuzungushe. Baba anaumwa. Si kile kikohozi chake cha kila baridi ambacho hukitibu kwa peremende na matusi. Kifua kimembana tangu mwezi uliopita. Ngazi anazipanda kwa mapumziko, na shamba lake la mboga kule nyuma ya reli amelitupa, vitunguu vyake vya liki vimemezwa na magugu, naye hata haulizi. Baba asiyeuliza liki zake unamjua wewe? Mimi simjui.

Masikio nayo yamekwisha kabisa, zawadi ya kiwanda, na jicho la kulia limeingia mtoto wa jicho. Mtu akisimama mlangoni haoni ni nani mpaka amkaribie. Lakini gari likipita mtaani atakutajia jina lake kabla hujamaliza kugeuka. Miaka thelathini ya kufunga grili na nembo kwenye pua za magari ya Morris, macho yake yameshika hizo pua tu.

Daktari Fanshawe anakuja kila wiki kwa Morris 1100 yake ya kijani, ambayo ndiyo kitu pekee baba anachokisifu kwake. Anataka alazwe. Baba hataki hata kusikia. Anasema mama aliingia hospitali ile kwa miguu yake akatoka amebebwa. Juzi wamezozana, baba akamwambia, "Ukija tena na habari hizo sikufungulii mlango." Naye daktari akamjibu, "Basi siku moja nitakuja nikuchukue kwa gari langu mwenyewe, Bwana Tranter, hata kama uko na pajama." Tangu siku hiyo kila gari likipunguza mwendo anachungulia pazia kama mwenye deni.

Sasa jambo lenyewe. Jana anakula pudingi ya wali, akaniuliza bila kuinua uso, "Yule wa Birmingham bado anafunga injini za watu?" Nikamwambia bado. Akaendelea kula. Cliff, miaka minane sijamsikia akikutaja. Njoo umwone. Sisemi zaidi.

Dada yako,
Enid

*

Northfield, Birmingham
Alhamisi, 13 Oktoba 1966

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Sheila akaniuliza nani kafa. Nikamwambia bado.

Unataka nije. Nije wapi? Wewe hukuwepo klabuni siku ile, mimi nilikuwepo. Alisimama na bia yake mkononi, mbele ya kina Perkins na domino zao, akasema, "Mimi sina mtoto wa kiume. Nina mtu wa Austin." Watu wakacheka. Halafu akanigeukia akasema Austin haitasimama kwenye geti lake yeye akiwa hai. Kosa langu ni kuoa msichana wa Birmingham na kufuata kazi karibu na kwao, kiwanda cha Austin, wapinzani wa Morris tangu zamani. Ungedhani nimeuza nchi kwa Wajerumani.

Kampuni zenyewe zilishaungana mwaka wa hamsini na mbili, mimi ndevu bado zinanisumbua kuota. Gari ni moja, Enid! Liwekee grili ya vyuma vya mawimbi, ni Austin. Libandike puani nembo ya ng'ombe anayevuka mto, ni Morris. Liongezee kabureta la pili, umwite MG, kijana wa mjini huyo. Mpe mbao nzuri ndani, ni Riley. Mpe nembo inayowaka taa puani, ni Wolseley, gari la meneja wa benki. Mpe ngozi na zulia na vimeza vya kulia nyuma ya viti, basi ni Vanden Plas, na mwenye nayo hawezi hata kukupungia mkono. Wote tumbo moja. Msimamizi wetu anasema ni kama madada wa familia moja walioolewa na wanaume wenye vipato tofauti. Na injini hizo tunazifunga sisi huku kiwandani Longbridge, za Austin na za Morris, zinapita mbele yangu kwenye mstari mmoja na siulizi inakwenda kwa nani. Huyo Fanshawe wenu, ile Morris anayosifiwa na baba, huenda kichwa cha silinda nimekikaza kwa mkono wangu. Mwambie hivyo uone kama pudingi itapita.

Na tangu mwezi wa nane nina Austin 1100 yangu mwenyewe. Ya kijani vilevile, ikiwa unataka kucheka.

Sitakuja kusimama nje ya mlango nifukuzwe kama muuza brashi wa mlango kwa mlango. Muulize wazi, usizungukezunguke kama kawaida yako. Ananitaka au hanitaki?

Cliff

*

Cowley, Oxford
Jumanne, 18 Oktoba 1966

Cliff,

Nimemuuliza wazi, kama ulivyotaka. Nilingoja amalize kusikiliza matokeo ya mpira, sikio limebandikwa kwenye redio, halafu nikampigia kelele, "Baba, Cliff akija utampokea?"

"Nani?"

"CLIFF."

Mtaa mzima umesikia. Bi Tolley wa jirani alizima mashine yake ya kufulia ili asikie vizuri.

Baba akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya fulana, akaivaa tena. Akasema, "Aje." Nikadhani ataongeza neno. Hakuongeza. Lakini baada ya dakika chache akaniuliza kama kinyozi hufungua Ijumaa.

Basi njoo Jumapili hii, tarehe ishirini na tatu. Mimi asubuhi nina kwaya kanisani, lakini nitarudi kuoka nyama, tutakula saa saba. Habari ya gari sikuigusa, nisije nikamwasha upya. Fanya akili, Cliff. Liache pale kanisani utembee mpaka nyumbani. Ni mwendo mfupi, haukuvunji mguu. Tuanze na chai, tusianze na ugomvi.

Msalimie Sheila. Safari hii njoo peke yako, wakishapatana nyinyi wawili atakuja naye.

Enid

*

Cowley, Oxford
Jumatatu, 24 Oktoba 1966

Cliff,

Sijui nikuandikie kwa hasira au kwa kulia, kwa hiyo nitaandika tu na wewe utachagua.

Hukuja. Hata kadi, hata telegramu ya maneno mawili hukuleta.

Ngoja nikueleze ulichokikosa. Alhamisi, barua yangu iko kwako tayari, habari ya gari lako na ya kanisani ikanitoka mezani, baba akanifuata jikoni akasimama nyuma yangu. Akasema, "Hiyo Austin yake aiegeshe hapa hapa getini. Asiifiche kanisani kama ya wizi. Nataka Perkins na wenzake wapite waione." Nilikuwa namenya viazi, kisu kikaniponyoka. Nikataka kukuandikia saa ileile, halafu nikajisemea, ngoja, mwache akifika aambiwe na baba mwenyewe, furaha itakuwa kubwa zaidi. Nilijiona nina akili sana.

Ijumaa alinyolewa. Jumapili alifunga tai ya harusi yake, akaniambia nimvutie kiti mpaka dirishani, akakaa na shali magotini tangu kifungua kinywa. Sijawahi kumwona ameshikilia dirisha namna ile. Mvua inanyesha, yeye anapangusa kioo kwa leso.

Kanisani tulichelewa kutoka, mwalimu wa kwaya hakuridhika na sauti ya pili. Narudi nalikuta lizee lile limekaa linacheka peke yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Fanshawe kaja! Na Morris yake. Leo, Jumapili, mshenzi yule. Kasimama hapo getini, kabisha, kabisha tena. Nimechungulia kidogo nikaachia pazia, nikatulia tuli kama panya ghalani."

"Baba, mbona hukumfungulia?"

"Anipeleke hospitali leo? Leo nina mgeni."

Akakaa pale mpaka giza likaingia. Nyama ilikauka, nikampa Bi Tolley sehemu ya paka wake. Kila gari alilitaja. "Hillman. Ford. Ile ni Morris Minor ya mwalimu." Ilipofika saa ya kuwasha taa akaniambia funga pazia. Akavua tai mwenyewe, akashindwa fundo, nikamsaidia. Hakukulaumu. Alisema tu, "Nami ningekuwa yeye nisingekuja."

Kama una sababu, nipe. Kama huna, usinitungie.

Enid

*

Northfield, Birmingham
Jumatatu, 24 Oktoba 1966

Enid,

Usiniandikie tena habari za baba. Akifa nipelekee telegramu, nitalipa maua yangu kama mtu mwingine yeyote.

Nilikuja. Najua atakuwa hakukwambia, au amekwambia kwa namna yake.

Uliniambia niliache gari kanisani. Nikaona hapana, kwa nini nijifiche, lakini pia nisimkanyage mzee kwa kiatu. Nikawaza siku tatu, nikapata wazo nililoliona ni zuri kuliko yote niliyowahi kupata. Rafiki yangu Des ana shemeji mwenye yadi ya magari mabovu. Jumamosi tukatoa kwenye Morris iliyogongwa nyuma: grili, nembo ya boneti, nembo ya buti, vifuniko vya magurudumu, hata kile kitufe cha katikati ya usukani. Kila kitu kiliingia mahali pake bila kulazimisha, skrubu zilezile, matundu yaleyale. Kabla ya chai ya jioni Austin yangu ilikuwa Morris. Sheila alisimama mlangoni akasema nimepagawa. Nikamwambia, huyu mtu kafunga ng'ombe huyu kwenye pua za magari maisha yake yote, acha aone kwamba mwanawe ameinamisha shingo. Grili yangu nikamwachia Des aninyooshee kipande kilichopinda.

Nikaegesha getini kwenu nikiwa najisikia kama siku ya mtihani. Mvua, kofia imeshuka, kola ya koti juu. Nikabisha. Pazia likasogea. Niliviona vidole vyake, Enid, kile kilichokatika ncha nilikiona. Akaniangalia, akaliangalia gari, akaliachia pazia.

Nikabisha tena. Nikainama nikaita "Baba!" kwenye tundu la barua kama mtoto aliyefungiwa nje. Nilimsikia akicheka. Haki ya Mungu, alikuwa anacheka.

Nimeendesha mpaka Banbury sioni barabara vizuri, na si kwa sababu ya mvua. Amekuwa na miaka minane ya kuniadhibu, nikadhani imetosha. Kumbe alinialika nije anicheke.

Cliff

*

Cowley, Oxford
Jumatano, 26 Oktoba 1966

Cliff, Cliff,

Barua zetu zimepishana njiani. Utakuwa umeipata yangu jana na umeshaelewa, na kama hukuelewa, isome tena pale alipotaja Fanshawe. Aliyebisha alikuwa wewe. Aliona Morris ya kijani na mtu mwenye kofia. Jicho lake halikuona zaidi ya hapo na sikio lake halisikii hata kengele ya kanisa. Hakukucheka. Alicheka kwamba amemkwepa daktari ili akungoje wewe.

Nimeisoma barua yako nimekaa kwenye ngazi, nikalia mpaka Bi Tolley akaja.

Na baba sasa yuko hospitali. Jumanne Fanshawe alipokuja kweli, baba alimfungulia mwenyewe. Hakubishana. Alivaa koti, akasema, "Twende basi, sina ninayemngoja." Daktari alikuwa amejiandaa kwa vita, akaishia kumfungulia mlango wa gari.

Leo nimekwenda na barua yako, nikamsomea sikioni, ile sehemu ya yadi na ya ng'ombe na ya shingo. Wodi nzima imenyamaza, kwa sababu kumsomea baba ni kuwasomea wote. Mwanzoni hakuelewa. "Morris ipi?" Nikarudia. Akasema, "Alibandika Morris? Kwa ajili yangu?" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kitu kingine. Muuguzi akaja akanitazama vibaya. Baba akamfukuza kwa mkono. Akaniambia, "Nilikaa nyuma ya pazia nikimkwepa mwanangu mwenyewe." Akalisema mara nyingi. Akaomba kalamu.

Kalamu ilimchosha, lakini hakukubali nimshikie. Karatasi yake ni hii hapa ndani. Muuguzi mkuu amesema kwako hakuna cha saa ya kutazama wagonjwa, njoo muda wowote. Sikiliza ninachokwambia kwa neno hilo.

Enid

*

Wodini, Jumatano

Cliff,

Enid kanisomea. Nilidhani ni daktari. Nembo ile nimeifunga miaka yote hiyo, nayo siku moja niliyoihitaji imenifanya mjinga.

Sikukufukuza. Nilikuwa nimefunga tai.

Maneno yale klabuni niliyasema mbele ya watu, nikataka niyafute mbele ya watu. Ndiyo maana nilitaka Austin isimame getini. Usinibadilishie chochote. Ulikwenda kufunga injini na umezifunga vizuri, kila mtu anasema ni injini nzuri, hata sisi huku tulisema, chini chini.

Kitanda changu kiko dirishani, chini ndipo magari yanapoegeshwa. Njoo.

Baba yako,
H. Tranter

*

Northfield, Birmingham
Alhamisi, 27 Oktoba 1966

Dada yangu,

Nimepata zote mbili. Ya baba iko mfukoni mwa shati, Sheila kaisoma, Des kaisoma, na ningekuwa na uso wa kufanya hivyo ningeibandika kwenye ubao wa kiwanda.

Ningetoka sasa hivi. Nilishatia funguo kwenye gari, halafu nikaiona ile pua. Ng'ombe. Ameniomba jambo moja tu katika maisha yake, aione Austin, nami nimpelekee tena uso wa bandia? Hapana. Des anafanya zamu ya usiku wiki hii na ile grili niliyomwachia kaipeleka kwa mtu wa kunyoosha. Ameniahidi kesho jioni iko tayari. Jumamosi alfajiri naifunga, nakuja. Nitaegesha chini ya dirisha lake na nitapiga honi, wanifukuze wakitaka.

Mwambie Jumamosi asubuhi. Mwambie ni Austin kuanzia puani mpaka mkiani. Mwambie sina hasira. Mpigie kelele, wodi nzima isikie.

Cliff

*

Northfield, Birmingham
Jumatatu, 7 Novemba 1966

Enid,

Asante kwa yote ya wiki iliyopita. Sheila anasema mazishi yalikuwa ya heshima na keki ya Bi Tolley ilikuwa nzito, na yote mawili ni kweli. Perkins alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, akaliangalia gari, akasema, "Zuri."

Bado naiona ile asubuhi. Napanda ngazi za hospitali mbili mbili, nafika, kitanda kimetandikwa shuka jipya na wewe umesimama na miwani yake mkononi. Nilikwambia nilitoka mapema. Sikutoka mapema, Enid. Skrubu moja ya grili ilikuwa na kutu, nikahangaika nayo, ningeweza kuiacha lakini nikataka ikae sawasawa. Nilisugua hata vifuniko vya magurudumu. Nilitaka iwe safi. Nimemuua kwa usafi.

Lakini kuna jambo nataka kukuuliza. Kwenye chai baada ya kutoka makaburini, Bi Tolley alinivuta pembeni akaniambia, "Afadhali, mwanangu, alikushika mkono kabla hajaondoka. Enid kanisimulia." Mdomo umejaa sandwichi, nikaitikia kwa kichwa kama mjinga. Nikadhani amechanganya mambo. Halafu na mchungaji naye akaniambia vilevile.

Mkono wa nani? Mimi nilifika yamekwisha. Uliwaambia nini watu, na kwa nini?

Cliff

*

Cowley, Oxford
Alhamisi, 10 Novemba 1966

Cliff wangu,

Nilitaka kukwambia hospitali, nikashindwa. Nikataka kanisani, nikashindwa. Watu wakaisikia kabla yako kwa sababu Bi Tolley ana sikio na mimi nilikuwa na mzigo, na niliyomwambia nilimwambia nusu. Naomba unisamehe kwa hilo. Kwa lililobaki sijui kama naomba.

Ijumaa jioni alipoteza nguvu. Asubuhi ile ya Jumamosi nililetewa habari alfajiri, nikaenda. Alikuwa anaulizia kila mara, "Bado?" Namwambia yuko njiani. Wakamwinua kwa mito atazame chini, lakini jicho lililobaki nalo lilikuwa limeshamwacha, na ukungu ulikuwa mzito. Alikuwa anatazama weupe tu. Kila akisikia tetemeko la gari kwenye fremu ya kitanda ananigeukia.

Akaja mtu wa kubadilisha mitungi ya oksijeni. Mtu wa makamo yako, koti la kahawia kama yale ya kiwandani, mikono ina grisi. Akainama kufungua mtungi kwa spana. Baba akanusa. Kweli, Cliff, alinusa. Akanyoosha mkono akaushika wa yule mtu, akasema, "Cliff?"

Yule mtu akanitazama mimi. Na mimi, Mungu anajua, nikatikisa kichwa kumwambia akubali.

Akaweka spana chini. Akapiga magoti kando ya kitanda, akasogeza mdomo sikioni kwa baba, maana alishaona hasikii, akasema, "Ndiyo, baba."

"Umeiegesha wapi?"

"Hapo chini, baba. Chini ya dirisha."

"Watu wanaiona?"

"Wanaiona wote."

Baba akacheka kwa pua, ile yake. Akafumba macho, bado kamshika. Nikadhani amelala. Halafu akauliza, "Umekula?"

Yule mtu akasema, "Nimekula, baba."

"Vizuri." Ndilo neno lake la mwisho. Mkono hakuuachia mpaka muuguzi alipokuja kuutoa. Yule mtu alikaa pale magotini muda wote, na kulikuwa na wodi nyingine zinamngoja. Alipoinuka aliinua mtungi wake mtupu akaenda. Niliulizia jina lake baadaye. Anaitwa Lionel Gosling na ana watoto wawili.

Wewe ulifika baba akiwa bado ana joto. Nilikuona kwa dirisha, ukungu umeinuka kidogo, umeegesha pale pale baba alipoambiwa. Niliiona grili inang'aa.

Nilimpa mtu mwingine jina lako alivae, ili baba aende akiwa na amani, nami nikasimama nikiangalia kilicho chako kinatolewa. Nichukie ukitaka. Ningefanya tena.

Enid

*

Northfield, Birmingham
Jumapili, 13 Novemba 1966

Dada,

Sikuchukii. Siku mbili nilijaribu, Sheila ni shahidi, nikashindwa.

Mtafute huyo Gosling umwambie namshukuru. Mwambie alijibu vizuri, alijibu kama ambavyo ningejibu mimi, chini ya dirisha na watu na yote. Nimeyasoma maneno hayo mpaka naweza kuyasema bila karatasi, na kila nikifika kwa "Ndiyo, baba" nasema pamoja naye, kwa sauti, humu ndani ya nyumba. Yale yalikuwa yangu na nimeyachukua.

Ila moja limenishinda, siwezi kulipokea, linanirudisha nyuma kila mara. Sheila alinikaangia mayai na bekoni asubuhi ile, nikiwa bado nahangaika na ile skrubu nje. Akaniita mara mbili. Nikaingia, nikanawa mikono, nikachukua funguo, nikamwambia aache tu, nitakula kwa baba.

Sikuwa nimekula, Enid.

Cliff